Chanjo ya kimeta: maswali ya wafugaji wa Dodoma kuhusu mbegu yake, nguvu yake na mipaka yake

Maswali haya huulizwa joshoni, minadani na kwenye mikutano ya vijiji, kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Bahi, Chemba na ng'ambo ya mpaka wa mkoa huko Manyoni. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma la ng'ombe aliyekufa siku tatu baada ya kuchanjwa. Kifo cha namna hiyo ndicho kinachowafanya watu wengi waikatae chanjo, na mara nyingi wanaikataa kwa kosa ambalo si lake.

Ni kweli ndani ya chupa ya chanjo kuna kimeta kilicho hai?

Ndiyo, na hakuna haja ya kumficha mfugaji. Chanjo ya kimeta inayotumika kwa mifugo hapa kwetu, na katika nchi nyingi duniani, ni spora hai (bakteria iliyojifunga katika hali ngumu ya kulala) za bakteria ileile inayosababisha kimeta, Bacillus anthracis. Tofauti ni kwamba bakteria ya chanjo imepoteza sehemu moja ya vinasaba vyake, na bila sehemu hiyo haiwezi kumwangusha ng'ombe mwenye afya.

Bakteria ya kimeta kikali ina kromosomu moja yenye herufi za DNA zipatazo milioni 5.2. Pembeni ya kromosomu hiyo kuna viduara viwili vidogo vya DNA vinavyoitwa plasmidi. Cha kwanza, pXO1, kina herufi kama 182,000 na ndicho kinachobeba jeni za sumu. Cha pili, pXO2, kina herufi kama 95,000 na kinabeba jeni za kutengeneza ganda linaloifunika bakteria. Kimeta kinaua kwa sababu kina vyote viwili. Ganda huizuia chembe nyeupe za damu isiimeze bakteria, kwa hiyo bakteria huongezeka bila kizuizi mpaka damu yote imejaa. Sumu ndiyo inayovunja kinga, kuvimbisha mwili na kumaliza kazi.

Mbegu ya chanjo inaitwa 34F2. Imebaki na pXO1 na haina kabisa pXO2, yaani ina sumu na haina ganda. Ikiingia chini ya ngozi huchipua, hutoa sumu kidogo, kisha chembe nyeupe huikamata na kuimaliza. Wakati huohuo mwili umeshaijua sumu hiyo na umeanza kutengeneza kingamwili.

Kwa nini waliacha sumu wakaondoa ganda? Si ingekuwa salama zaidi kuondoa sumu?

Hili ni swali zuri kuliko yote ninayoulizwa, na historia ya chanjo hii imejengwa juu yake.

Sumu ya kimeta ina protini tatu. Moja hujishikiza kwenye chembe za mwili na kufungua njia, nyingine mbili hupita kwenye njia hiyo na kufanya uharibifu ndani. Protini ile ya kufungua njia ndiyo inayoitwa antijeni kinga, kwa sababu mnyama akiwa na kingamwili dhidi yake, zile mbili hazina pa kupitia. Ganda kwa upande wake limetengenezwa kwa mnyororo wa asidi ya glutamiki, na mwili huliona kwa shida. Kwa hiyo mbegu yenye ganda bila sumu haimfundishi mnyama kitu cha maana, ila mbegu yenye sumu bila ganda inamfundisha.

Louis Pasteur hakuweza kulijua hili. Mwaka 1881, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort nchini Ufaransa, alichanja kondoo, mbuzi na ng'ombe mbele ya watu, kisha akawapa kimeta kikali pamoja na wenzao ambao hawakuchanjwa. Kondoo wasiochanjwa walikufa wote, na waliochanjwa karibu wote walibaki hai. Njia aliyoitangaza ya kuidhoofisha bakteria ilikuwa kuikuza kwenye joto la nyuzi 42 hadi 43. Miaka 100 baadaye ndipo ilipobainika joto hilo linafanya nini: linaifanya bakteria ipoteze pXO1, plasmidi ya sumu. Kwa maneno mengine, lilikuwa linaondoa kile hasa kinacholeta kinga. Chanjo ya Pasteur ilifanya kazi kwa kadiri ya bakteria zilizobaki na sumu, na ndiyo maana ilikuwa haitabiriki. Toleo moja lilikinga vizuri, jingine halikukinga, na jingine liliua wanyama waliochanjwa.

Aliyelitatua jambo hili alifanya kazi Afrika, na naona fahari kulisema kila ninapopata nafasi. Max Sterne, mtafiti wa maabara ya Onderstepoort karibu na Pretoria, aliikuza bakteria kali katikati ya miaka ya 1930 kwenye chakula chenye majimaji ya damu ya farasi na hewa yenye kaboni dioksidi nyingi. Katika hali hiyo bakteria yenye ganda hutoa makundi yanayoteleza kama kamasi. Sterne aligundua kwamba pembeni ya makundi hayo huchomoza mengine makavu, yasiyo na kamasi. Aliyachukua hayo makavu, akayajaribu kwa wanyama, akaona hayaui na yanakinga. Mojawapo, 34F2, ndiyo mbegu iliyoenea duniani tangu mwaka 1937. Plasmidi zilikuwa bado hazijulikani. Uhusiano wa pXO2 na ganda ulithibitishwa katika miaka ya 1980, karibu miaka 50 baada ya Sterne kuchagua kwa macho kile ambacho vinasaba vilikuja kukithibitisha.

Je, mbegu ya chanjo inaweza kurudia ukali wake ikiwa ndani ya ng'ombe au ardhini?

Kuna chanjo hai ambazo udhaifu wa mbegu yake unategemea herufi chache tu zilizobadilika, na herufi zinaweza kubadilika tena. Kwa 34F2 si hivyo. Hapa imekosekana plasmidi nzima, maelfu ya herufi pamoja na jeni zote za ganda. Bakteria haiwezi kukiunda upya kitu ambacho haina mfano wake. Miaka zaidi ya 80 ya kuchanja mamilioni ya wanyama haijaonyesha mbegu hii ikirudia ukali.

Kimeta cha huku kwetu si cha Afrika Kusini. Chanjo iliyotokana na mbegu ya kule inakifaa cha hapa?

Inakifaa, na sababu yake iko kwenye tabia ya bakteria yenyewe. Kimeta hutumia sehemu kubwa ya maisha yake kikiwa spora iliyolala ardhini, na spora haizaliani. Huongezeka kwa siku chache tu ndani ya mnyama anayekufa, kisha hulala tena miaka na miaka. Ndiyo maana vinasaba vyake hubadilika polepole mno. Bakteria za kimeta kutoka mabara tofauti hufanana kiasi kwamba wataalamu huzitofautisha kwa kusoma herufi mojamoja zilizochaguliwa kwa makini, na kwa kuhesabu vipande vya DNA vinavyojirudia.

Kwa vipimo hivyo bakteria zote zimepangwa katika koo kuu tatu, A, B na C. Ukoo A ndio ulioenea zaidi duniani, na ukoo B unajulikana hasa katika sehemu kama Hifadhi ya Kruger huko Afrika Kusini. Jeni ya antijeni kinga, ambayo ndiyo inayohusika na chanjo, inatofautiana kidogo sana kutoka ukoo mmoja hadi mwingine. Mafua hubadilika kila mwaka yakakwepa chanjo ya mwaka jana. Kimeta hakina tabia hiyo. Mfugaji akiniambia "chanjo imeshindwa, hiki ni kimeta kipya", mimi huanza kwa kuuliza kuhusu friji, dozi na sindano.

Tofauti za koo zina kazi nyingine. Zinasaidia kujua kama mlipuko wa wilaya moja umetokana na udongo wa palepale au umeletwa na ngozi, mifupa au nyama kutoka kwingine.

Ng'ombe wangu alichanjwa Jumatatu, Alhamisi akafa na damu ikamtoka puani. Chanjo ndiyo iliyomuua?

Pole sana kwa hasara hiyo. Najua ng'ombe mmoja ni ada ya mtoto, ni jembe, ni mahari. Nitakujibu kwa kirefu.

Kwanza, kinga haiji siku ya sindano. Mwili unahitaji siku 7 hadi 10 hivi kuanza kuwa na kingamwili za kutosha, na wanyama wengine huchukua muda zaidi. Mnyama aliyekula spora Jumamosi kwenye malisho yenye kimeta, akachanjwa Jumatatu, anaweza kufa Alhamisi kwa kimeta alichokula Jumamosi. Hili hutokea sana kwa sababu wengi wetu hatuiti mtaalamu mpaka kundi limeanza kufa. Kuchanja katikati ya mlipuko ni sahihi na huokoa waliobaki, lakini vifo vya siku za mwanzo lazima vitarajiwe, na afisa mifugo awaambie watu mapema kabla hajafungua chupa.

Pili, jambo hili linaweza kuthibitishwa badala ya kubishaniwa, na hapa ndipo elimu ya vinasaba inapomfaa mfugaji moja kwa moja. Mbegu ya chanjo haina ganda. Mtaalamu akichukua tone la damu kutoka sikioni mwa mnyama aliyekufa, akalipaka kwenye kioo na kulitia rangi ya bluu ya methilini iliyokomaa, kimeta kikali huonekana kama vijiti vya bluu vilivyozungukwa na ganda la rangi ya waridi. Kipimo hiki kinatumika tangu mwaka 1903, hakihitaji mashine za gharama, na mzoga haupasuliwi. Ukiliona ganda, jibu umelipata: mnyama ameuawa na kimeta cha malishoni.

Maabara kubwa zaidi hutafuta jeni zenyewe kwa kipimo cha PCR. Wanatafuta alama tatu: moja ya kromosomu, moja ya pXO1 na moja ya pXO2. Zote tatu zikionekana, ni kimeta kikali. Ya kromosomu na ya pXO1 zikionekana bila ya pXO2, hiyo inalingana na mbegu ya chanjo. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo hapa Dodoma, na njia ya kufikisha sampuli huko ni afisa mifugo wako. Usichukue sampuli mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hamjasema kijijini kwamba chanjo inaua, dai kipimo. Una haki ya kujua kilichomuua mnyama wako, na jirani zako wana haki ya kutosusia chanjo kwa uvumi.

Wiki ileile ya chanjo nilimchoma OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) kwa sababu alikuwa na homa ya kupe. Kuna shida?

Ipo, na ni kubwa. Spora za chanjo lazima zichipue ndani ya mnyama ndipo zimfundishe. OTC, penisilini na antibayotiki nyingine nyingi huua bakteria ya kimeta, na bakteria ya chanjo haina kinga ya pekee dhidi yake. Ukimchoma mnyama antibayotiki siku chache kabla au baada ya chanjo, umeiua chanjo ndani yake. Mnyama ataonekana amechanjwa daftarini huku mwilini hana kitu.

Kanda yetu ina ndigana na magonjwa mengine ya kupe, na OTC inauzwa kila duka la pembejeo, kwa hiyo kosa hili ni rahisi kulifanya. Mwambie mchanjaji wazi ni ng'ombe gani wametibiwa na lini. Aliyetibiwa asubiri mpaka dawa iishe mwilini, kwa kawaida siku 7 hadi 10 baada ya sindano ya mwisho, na zaidi kama dawa ni ile inayokaa muda mrefu.

Vilevile mnyama mwenye homa ya kimeta hachanjwi, hutibiwa. Akipona, ndipo achanjwe.

Mtu anaweza kuongeza maji kwenye chupa ili itoshe kundi zima?

Hapana. Kiwango cha kimataifa kinataka dozi moja ya ng'ombe iwe na spora hai zisizopungua milioni 10, na ya mbuzi au kondoo zisizopungua milioni 5. Ukiongeza maji unapunguza idadi hiyo, na pia unazimua saponini, dawa iliyochanganywa makusudi ili ichokoze kidogo pale chini ya ngozi na kuuamsha mwili. Kama chupa haitoshi, ni afadhali kuchanja nusu ya kundi kikamilifu na kurudi kwa waliobaki.

Dozi moja inatosha maisha yote?

Haitoshi. Kinga ya dozi moja hushuka, na mwongozo wa kawaida ni kurudia kila mwaka. Kwenye maeneo yenye historia ya kimeta cha mara kwa mara, wataalamu wakati mwingine hurudia mapema zaidi.

Mbuzi wanahitaji uangalizi wa pekee. Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini yalionyesha kwamba mbuzi waliorudiwa chanjo walistahimili kimeta kikali vizuri kuliko waliochanjwa mara moja. Halafu mbuzi ndio wanaoumizwa zaidi na mbegu hii. Mnyama mdogo, saponini na sumu ile kidogo inayotolewa vinaweza kumletea uvimbe mkubwa, na mara chache kifo. Ndiyo maana dozi yake kwenye lebo huwa ndogo, na wachanjaji wazoefu huanza na mbuzi wachache, wakawaangalia siku kadhaa, ndipo wakamalizia kundi.

Na punda, ambaye kwa Dodoma ndiye lori la familia nyingi? Punda na farasi huchelewa kujenga kinga na huvimba kwa urahisi. Wachanjwe mapema, na kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Nguruwe na mbwa wana ustahimilivu wa asili, ingawa mbwa anaweza kuburuta vipande vya mzoga na kusambaza spora.

Nichanje mwezi gani?

Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Hatari kubwa iko pale majani yanapoisha na mifugo inapolazimika kuguguna karibu na udongo, ikimeza mchanga na kuchomwa mdomo na vishina vikavu, huku makundi ya vijiji vingi yakikutana kwenye lambo moja. Hatari nyingine ni mvua za kwanza, zinapofukua na kukusanya spora mabondeni. Udongo wenye chokaa na mboji, kama mbuga nyeusi zinazoshikilia maji, huhifadhi spora kwa muda mrefu kuliko udongo wenye uchachu.

Maoni yangu ni Mei au mwanzo wa Juni. Wanyama bado wana afya, mwili wenye afya hujibu chanjo vizuri, na unabaki muda wa kutosha kabla ya kiangazi kubana. Lakini ratiba ya halmashauri ikipanga tarehe nyingine, nenda nayo. Chanjo ya Agosti ni bora kuliko mpango wa Mei usiotekelezwa.

Jirani zangu wote wamechanja. Ng'ombe wangu si wamelindwa tayari?

Kwa magonjwa kama homa ya mapafu hoja hiyo ina mantiki, kwa sababu ng'ombe humwambukiza mwenzake. Kimeta ni tofauti. Mara nyingi mnyama haambukizwi na mnyama aliye hai, anaambukizwa na ardhi. Hata wachanje wote na ubaki wewe peke yako, spora zilizo kwenye mbuga mnayochungia pamoja zinakusubiri wewe.

Ila chanjo za jirani zina faida moja ya muda mrefu: mizoga inapungua, na mizoga ikipungua, ardhi haipati spora mpya.

Nilichanja homa ya mapafu na chambavu (blackquarter). Si inatosha?

Kila chanjo na ugonjwa wake. Zipo chanjo zinazounganisha kimeta na chambavu katika chupa moja, kwa hiyo muulize mchanjaji chupa yake ni ipi na uandike kwenye daftari lako jina, toleo na tarehe. Chanjo ya homa ya mapafu haizuii kimeta hata kidogo.

Nchi nyingine hutumia mbegu tofauti?

Zipo chache. Urusi ilitengeneza mbegu zake, STI-1 na baadaye mbegu 55, na China ina A16R. Zote zimefuata njia ileile ya kupoteza pXO2. Italia kwa miaka mingi ilitumia mbegu inayoitwa Carbosap, ambayo ni ya ajabu kidogo: ina plasmidi zote mbili na bado ni dhaifu. Udhaifu wake basi unatoka mahali pengine kwenye vinasaba, na mbegu ambayo sababu ya upole wake haieleweki vizuri ni ngumu kuiamini kama ile inayoeleweka. Baadaye Italia yenyewe ikageukia mbegu ya Sterne.

Kwa mfugaji wa hapa hakuna la kuchagua kati ya hizo. Taasisi ya kutengeneza chanjo iliyoko Kibaha, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, huzalisha chanjo ya kimeta hapahapa nchini.

Kuna uthibitisho gani kwamba inafanya kazi nje ya maabara?

Uthibitisho mzito zaidi, kwa bahati mbaya, ni wa mahali ilipoachwa. Wakati wa vita vya ukombozi vya Zimbabwe, mwishoni mwa miaka ya 1970, huduma za mifugo vijijini zilivurugika na chanjo zikasimama. Kimeta kikaenea kwenye maeneo ambayo hakikuwa kimeonekana kwa miaka mingi, na zaidi ya watu 10,000 wakaugua kwa kugusa na kula wanyama waliokufa. Ni mlipuko mkubwa kuliko wote wa binadamu ulioandikwa katika nyakati zetu.

Mfano wa karibuni ni Yamal, kaskazini mwa Urusi. Uchanjaji wa kulungu wa nchi za baridi (reindeer) wanaofugwa kule ulisimamishwa mwaka 2007 kwa sababu kimeta hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Kiangazi cha mwaka 2016 kilikuwa na joto lisilo la kawaida, ardhi iliyoganda ikayeyuka, wanyama zaidi ya 2,000 wakafa na mtoto wa miaka 12 akapoteza maisha. Ugonjwa ulikuwa umenyamaza kwa sababu wanyama walikuwa wanachanjwa; spora zilikuwa ardhini muda wote.

Na spora hukaa kweli. Kisiwa cha Gruinard huko Scotland kilifanyiwa majaribio ya kimeta mwaka 1942. Hakikutangazwa kuwa salama mpaka mwaka 1990, tena baada ya ardhi kusafishwa kwa kemikali. Kwa hiyo kijiji kinachosema "huku hatujaona kimeta tangu enzi za babu" hakijapata ruhusa ya kuacha kuchanja.

Chanjo ihifadhiwe vipi ikiwa kijijini hakuna umeme?

Ikae kati ya nyuzi 2 na 8, ndani ya kiboksi chenye barafu, isigandishwe na isipigwe jua. Spora ni ngumu kuliko virusi vya chanjo nyingine, lakini hiyo si ruhusa ya kuiacha kwenye dashibodi ya pikipiki kutoka Dodoma mjini hadi Chemba. Tikisa chupa kila unapovuta, maana spora hutuama chini. Usipotikisa, ng'ombe wa mwanzo na wa mwisho hawatapata dozi sawa. Bomba na sindano zichemshwe na zipoe. Usizioshe kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa kuwa mabaki yake huharibu chanjo. Chupa tupu zisitupwe zizini wala kuchezewa na watoto. Mchanjaji aondoke nazo zikateketezwe.

Baada ya chanjo naweza kumpeleka mnada wa Msalato au kumchinja?

Mwongozo wa kimataifa unataka mnyama asichinjwe kwa chakula kwa wiki 2 hadi 3 baada ya chanjo, na lebo nyingine huweka muda mrefu zaidi. Fuata lebo. Kama unajua utauza mwezi huu, mweleze mchanjaji kabla. Uvimbe mdogo shingoni na homa ya siku moja mbili ni vya kawaida na hupungua vyenyewe. Usimkimbilize na antibayotiki kwa uvimbe huo. Umeshasoma hapo juu itakachofanya. Uvimbe ukizidi kukua au mnyama akiacha kula, mwite daktari. Ng'ombe aliye karibu kuzaa ni bora asubiri.

Ng'ombe amekufa ghafla. Tukichoma nyama vizuri si tunaweza kula?

Msile. Nyama ya kibudu cha ghafla ndiyo inayotupeleka wodini. Hatari huanza kabla ya jikoni, wakati wa kuchuna. Kisu kinapofungua mzoga, damu inakutana na hewa, na bakteria inageuka spora. Mzoga usiofunguliwa hujiozea, na bakteria nyingi ndani yake hufa kabla hazijawa spora. Kwa hiyo kisu kimoja kinaambukiza watu na pia kinapanda kimeta kwenye uwanja wako kwa miongo.

Acheni mzoga ulivyo, fukuzeni mbwa na fisi, mjulisheni afisa mifugo. Kimeta ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Mzoga huteketezwa mpaka uwe majivu, au huzikwa kwenye shimo la kina cha mita 2. Watu wengi humwaga chokaa shimoni. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo, kwa sababu madini ya chokaa yanaweza kuzisaidia spora kudumu.

Aliyegusa au kula, akaona upele unaogeuka kidonda cheusi kisicho na maumivu makali, au tumbo linamsokota na ana homa, aende kituo cha afya leo na aseme waziwazi kwamba aligusa kibudu. Antibayotiki zikianza mapema, watu hupona.

Je, binadamu wanaweza kuchanjwa kwa hii hii ya ng'ombe?

Hapana kabisa. Chanjo za binadamu zinazotumika Marekani na Uingereza hazina bakteria hai. Zimetengenezwa kwa protini zilizochujwa, na hupewa watu wachache kama wanajeshi na wafanyakazi wa maabara. Mchanjaji akijidunga kwa bahati mbaya wakati ng'ombe anarusha mateke, aache damu itoke, aoshe kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali akiwa na chupa au lebo mkononi, ili daktari ajue ni mbegu gani iliyoingia.